Deni la mita katika nyumba iliyofungwa: Ni la nani?

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tutazungumzia jambo ambalo machoni pa wengi ni dogo, nalo ni deni linalokutwa katika mita ya LUKU ya nyumba iliyokaa muda mrefu bila mtu. Sikulichagua kwa kulisoma kitabuni. Limenifika mimi mwenyewe, na katika kulikabili nilianza kwa kukosea. Nimeona ni bora nilieleze kama lilivyokuwa, kwani nyumba zilizofungwa katika miji yetu ni nyingi. Wengine wamesafiri, wengine wamefiwa, wengine wanasubiri mirathi ambayo haijagawanywa, na katika kila nyumba ya namna hiyo huenda ipo haki ya mtu ambayo haijaonekana.

Nyumba ya mama

Mama yetu, Allah amrehemu, alifariki mjini Tanga mwezi wa Desemba 2021. Baba alikuwa ametangulia miaka mingi kabla yake. Mama aliacha watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu, pamoja na nyumba moja ya chini yenye vyumba vinne na baraza mbele. Siku ya mazishi, mimi nikiwa mkubwa wa wanaume, nilisimama mbele ya jamaa na majirani nikatangaza kama ilivyo ada yetu, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, deni hilo ni juu yetu. Alijitokeza muuza samaki mmoja aliyekuwa akimdai shilingi 3,000. Tukamlipa pale pale, naye akamwombea mama dua. Tukaona kwamba tumemaliza.

Siku za msiba zilipopita tukaifunga nyumba. Friji ikazimwa, swichi kuu ikashushwa, madirisha yakakazwa na ufunguo ukakaa kwangu. Kila mmoja wetu alikuwa na makazi yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kutaja neno la kuuza. Mara moja kwa miezi kadhaa nilikwenda kufagia uwanja na kutazama paa. Mita ya umeme ilikuwa pale ukutani, nami sikuitazama hata mara moja. Ya nini kuitazama, ikiwa hakuna taa iliyowaka?

Mwezi wa Machi 2024, siku za mwanzo za mfungo wa Ramadhani, tulimpangisha nyumba ile fundi cherehani mmoja, kijana mwenye mke na watoto wawili. Aliipenda kwa sababu ya baraza, maana palimfaa kupokea wateja wa nguo za Idd. Tukakubaliana kodi, akalipa, nikamkabidhi ufunguo, tukasoma Fat'ha.

Siku ya tatu alinijia baada ya Tarawehe. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo sheikh," nami nikamwitikia. Akasema, "Sheikh, nimenunua umeme wa shilingi elfu arobaini, nimepata uniti zisizofika ishirini na nne. Naona mita ina deni."

Wakati ule, kwa mteja wa daraja la kawaida, shilingi 10,000 zilikuwa zikileta uniti 28 hivi pamoja na kodi na tozo zake. Kwa hiyo shilingi 40,000 zilipaswa kumletea uniti zipatazo 112. Hesabu hiyo niliijua. Lakini badala ya kuifanya, nilimjibu haraka: "Mwanangu, nyumba hii haijawashwa taa tangu mama afariki. Deni litoke wapi? Ile tozo ya huduma ya kila mwezi iliondolewa zamani. Tazama matumizi yako, hizo pasi zinakula umeme."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Inawezekana, sheikh," akaaga na kuondoka. Nami niliingia nyumbani nikiwa na raha moyoni kwamba nimetoa jibu la mtu anayejua.

Nilichokijua na nisichokijua

Ndugu msomaji, mtu anaweza kupotezwa na elimu ya jana kama anavyopotezwa na ujinga wa leo. Nilichomwambia fundi kilikuwa na ukweli wake. Zamani wateja wa LUKU wa daraja la kawaida walikuwa wakikatwa tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi. Aliyekaa miezi mitatu bila kununua, siku aliponunua alikatwa ya miezi yote mitatu. Tozo hiyo iliondolewa mwezi wa Aprili 2016, na mimi ni miongoni mwa walioshukuru.

Nilichokisahau ni kwamba mwezi wa Agosti 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kwa njia ya LUKU. Nyumba ya kawaida ilipangiwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na majengo ya ghorofa mijini shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Kuanzia Julai 2023 viwango hivyo vikapanda hadi shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Kiasi hicho hukatwa pale umeme unaponunuliwa. Mwezi ukipita bila kununua, hakifutiki, bali kinasubiri, na mwezi unaofuata huongezeka juu yake.

Wengi wetu tumedanganywa na jina lenyewe. LUKU ni Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, nasi tukafahamu kwamba asiyetumia halipi. Hilo ni kweli kwa umeme. Lakini kodi ya jengo si bei ya umeme, wala haiangalii kama taa imewaka au haikuwaka. Inaangalia kwamba jengo limesimama na lina mwenyewe. Mita imefanywa mlango wa kuikusanyia tu. Kwa hiyo nyumba ya mama, yenye madirisha yaliyokazwa na swichi iliyoshushwa, ilikuwa ikiandikiwa deni kila mwezi, nasi watoto wake watano tumelala.

Neno la mke wangu

Uniti zile hazikumfikisha fundi siku ya tano. Fedha alizonunulia umeme zilikuwa sehemu ya malipo ya awali ya wateja, alizopewa kwa ajili ya uzi, bitana na vifungo. Hakuwa na nyingine. Akarudi kwenye cherehani ya miguu na pasi ya mkaa, akawa anashona mchana akiwa na saumu, na usiku anashona kwa taa ya betri. Kazi za Idd zikaanza kuchelewa. Hakurudi kwangu, kwani nilikwisha kumwambia kwamba kosa ni lake.

Habari zilinifikia kwa njia ya nyumbani. Jirani yetu mmoja alikwenda kuulizia magauni ya watoto wake, akakuta hayajakatwa, na fundi akamwomba radhi bila ya kumtaja mtu. Lakini mke wa fundi alimweleza yaliyotokea, naye akaja kumsimulia mke wangu. Usiku ule, baada ya daku, mke wangu aliniambia kwa utulivu, "Baba Maryam, umemjibu fundi kama mwenye nyumba. Hukumjibu kama mwalimu. Ujumbe wake wa umeme umeusoma?"

Sikuwa nimeusoma. Juma lile lile nilikuwa nimetoa darsa msikitini juu ya uzito wa deni, na watu wengine walilia.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi nikamwomba anioneshe simu. Ujumbe ulikuwepo. Juu zilikuwepo tarakimu ishirini za kuingiza katika mita, na chini yake mchanganuo. Kati ya shilingi 40,000, shilingi 31,500 zilikatwa kwa ajili ya jengo, na zilizobaki kwa umeme zilikuwa shilingi 8,500. Nilikwenda ofisi ya umeme, na kijana niliyemkuta pale akanipigia hesabu mbele yangu. Mara ya mwisho kununuliwa umeme ilikuwa Desemba 2021, kwa mkono wa mama mwenyewe. Kuanzia Januari 2022 hadi Juni 2023 ni miezi 18 kwa shilingi 1,000, yaani shilingi 18,000. Kuanzia Julai 2023 hadi Machi 2024 ni miezi tisa kwa shilingi 1,500, yaani shilingi 13,500. Jumla ni shilingi 31,500. Hapakuwa na shilingi hata moja iliyozidi.

Basi mtu aliyekaa katika nyumba yetu siku tatu alitulipia kodi ya miezi 27, tena kwa fedha za watu, tena bila ya kujua. Na alipouliza, aliambiwa kwamba pasi zake ndizo zinazokula umeme.

Hoja tatu za ndugu zangu

Nilipiga simu kwa ndugu zangu wote. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, nami nauleta hapa kwa kuwa hoja walizozitoa ndizo zinazotolewa katika nyumba nyingi.

Mdogo wangu wa kiume alisema, "Kaka, sisi hatukuwasha hata taa moja. Aliyenunua umeme ndiye mtumiaji, na mtumiaji ndiye mlipaji."

Hoja hii inachanganya mambo mawili, gharama ya kutumia na gharama ya kumiliki. Katika milango ya ijara, mafaqihi wetu wamepambanua. Mpangaji amenunua manufaa ya nyumba kwa muda maalumu, kwa hiyo kinachotokana na matumizi yake ni juu yake: umeme anaouwasha, maji anayoyachota na taka anazozikusanya. Ama kinachofuata umiliki wa nyumba yenyewe, hicho ni juu ya mwenye nyumba, kwani yeye ndiye anayepokea kodi ya pango, na yeye ndiye itakayemrudia nyumba muda ukiisha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, kwamba mapato ya kitu huandamana na dhamana yake. Haiwezekani ndugu watano wakagawana pango, kisha kodi ya jengo wakamwachia mpangaji. Na hata sheria ya nchi imeiweka kodi hiyo juu ya mwenye jengo. Ilipoanza kukatwa katika LUKU, wapangaji walielezwa kwamba wana haki ya kurejeshewa na wenye nyumba wao.

Zaidi ya hayo, vitabu vya madhehebu yetu ya Kishafii vinaeleza kwamba ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo, kwa sababu bila ya ufunguo mpangaji hawezi kuyafikia manufaa aliyoyalipia. Nilipoisoma mas'ala hii madrasa nikiwa kijana, niliiona nyepesi mno. Nani asiyejua kwamba nyumba hukabidhiwa pamoja na ufunguo? Leo naifahamu vingine. Nyumba ya zama zetu ina ufunguo wa pili, nao ni mita. Aliyekabidhi ufunguo wa mlango na kuiacha mita na deni la miezi 27 amekabidhi nusu ya nyumba.

Dada yetu mkubwa akasema, "Lakini hatukujua. Allah hamchukulii mtu kwa asilolijua."

Kauli hii ni ya kweli upande wa dhambi, ama upande wa mali ya watu haitoshi. Wanazuoni wamekubaliana kwamba kutojua na kukosea huondoa lawama, wala hakuondoi dhamana. Mtu akila chakula cha mwenzake gizani akidhani ni chake, hana dhambi, lakini chakula atakirudisha. Sisi hatukuwa na dhambi kwa miezi ile 27 tuliyokuwa hatujui. Tangu siku ujumbe uliposomwa, tukawa tunajua. Na Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, ameihesabu kuwa ni dhuluma pale mwenye uwezo anapochelewesha kulipa anachodaiwa. Kwa hiyo kila siku ya kusubiri baada ya kujua ilikuwa na hukumu nyingine.

Mdogo wangu akarudi na hoja ya tatu: "Basi hilo ni deni la marehemu. Litolewe katika mali yake, nasi tulikwisha kutangaza mazikoni."

Hapa ndugu msomaji panahitaji uangalifu, kwani wengi huteleza. Aya za mirathi katika Suratun-Nisaa, ya 11 na ya 12, zimerudia mara kadhaa kwamba mgao huja baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Deni hilo ni lile lililokuwa juu ya marehemu alipokuwa hai. Lau mama angelikuwa na miezi ambayo hakuilipia, hiyo ingetolewa katika tarika yake kabla yeyote miongoni mwetu hajagusa kitu. Lakini mama, Allah amjaalie kheri, alinunua umeme Desemba 2021 na kodi ya mwezi huo ikakatwa. Aliondoka duniani mita yake ikiwa safi. Miezi yote 27 imeingia baada ya kufa kwake, na nyumba wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa milki yetu, ingawa hatukuigawa. Kwa hiyo hili si deni la mama. Ni deni letu sisi, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake.

Tukaliweka katika mafungu. Wanaume wawili kwa mafungu mawili mawili ni manne, na wanawake watatu kwa fungu moja moja ni matatu. Jumla ni mafungu saba, na shilingi 31,500 kwa saba ni shilingi 4,500. Kila mwanamume shilingi 9,000 na kila mwanamke shilingi 4,500. Baada ya hesabu ile simu ilikaa kimya kwa muda, maana kila mmoja aliona jinsi deni lilivyokuwa jepesi juu yetu sisi watano, na lilivyokuwa zito juu ya mtu mmoja.

Dada yetu mdogo, anayeishi Uingereza, ndiye aliyevunja kimya. Alitusimulia kwamba yeye naye hutumia mita ya kulipia kabla, na kwamba huko mita hizo zina tozo ya kila siku hata kama mtu hayupo nyumbani. Alipokuja kututembelea katika kiangazi cha 2023 kwa majuma sita, tozo hiyo ilikuwa zaidi ya nusu pauni kwa siku. Aliporudi na kuweka fedha, zaidi ya pauni 21 zilikatwa kwanza kabla ya kupata umeme. Akasema, "Mimi nililipa yangu na nikanung'unika. Fundi amelipa yetu na hakunung'unika." Huko pia, anayehamia katika nyumba hushauriwa kuwasiliana na shirika la umeme kabla ya kuweka fedha, ili asije akalipa deni la aliyehama.

Je, fundi alikuwa akitoa sadaka?

Lilibaki swali moja la kifiqhi. Wapo wanaosema kwamba mtu akimlipia mwenzake deni bila ya kuombwa, huyo amejitolea na hana la kudai. Wanazuoni wamelizungumza hilo kwa urefu na wamehitilafiana juu ya yule aliyelipa kwa hiari yake huku akijua. Lakini fundi hakuwa na hiari wala hakujua. Alitoa fedha kwa nia ya kununua umeme, zikachukuliwa kwa jambo jingine. Sadaka haiwi ila kwa nia na ridhaa, na Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 29, imetukataza kuliana mali kwa njia za batili isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Kwa hiyo haki yake ilikuwa juu ya shingo zetu, awe ameidai au amenyamaza. Wala kunyamaza kwake si kusamehe. Huenda mpangaji ananyamaza kwa adabu, huenda ananyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Mwenye nyumba asijihesabie kimya hicho kuwa ni msamaha.

Nilitoa shilingi 31,500 zote kutoka mfukoni mwangu siku ile ile, ili asisubiri michango ya ndugu. Nilimpelekea fundi kabla ya adhuhuri, nikamkuta barazani akipiga pasi kwa mkaa. Nikamwambia, "Mwanangu, fedha hizi ni zako, na maneno yangu ya siku ile yalikuwa ya makosa. Nakuomba msamaha mbele ya mkeo, kwani naye ameyasikia."

Akazipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Sheikh, mimi sikuja siku ile kukudai. Nilikuja ili uniambie kama ni kweli."

Maneno hayo yalinikaa kuliko fedha. Deni la mali nililipa kwa siku moja. Lakini zile siku alizokaa na kazi za watu, akidhaniwa mzembe kwa ajili ya jibu langu, sikuwa na namna ya kuzirudisha. Nilikwenda kwa jirani yule mwenye magauni nikamweleza kwamba kuchelewa kulitokana na nyumba yetu, si na fundi. Hilo nililiweza.

Dada yetu wa Uingereza alitaka kulipa sehemu za ndugu wote kwa niaba ya mama. Nilimwambia kwamba jambo hilo ni jema, nalo ni tofauti na la fundi, kwa sababu yeye anatoa huku anajua anachokitoa na anamtolea nani. Mdogo wangu wa kiume, kwa upande wake, alikataa kulipiwa. Alileta shilingi 9,000 zake mwenyewe.

Mafunzo kwa wenye nyumba, warithi na wapangaji

Kutokana na tukio hili, nawausia ndugu zangu Waislamu mambo machache.

Kwanza, anayefunga nyumba kwa safari ya Hija, ya kazi au kwa msiba, amteue mtu mmoja wa kununua umeme kidogo kila mwezi na kutunza risiti. Kiasi kidogo kinacholipwa kwa wakati wake hakimwelemei mtu. Na nyumba ikiwa ya mayatima, basi msimamizi ana wajibu mkubwa zaidi. Alipe kutoka katika mali yao na aandike kila senti, kwani ataulizwa.

Pili, kabla ya kumkabidhi mpangaji au mnunuzi ufunguo, mwenye nyumba anunue umeme kwa fedha zake mwenyewe, hata wa kiasi kidogo, kisha ausome mchanganuo. Likiwepo deni, alilipe yeye. Mita za kulipia kabla zilihitaji kuhuishwa kabla ya Novemba 24, 2024 kwa kuingiziwa tarakimu za ziada. Nyumba iliyofungwa kabla ya hapo na haikuhuishwa, mita yake inaweza kukataa umeme mpya, na hilo nalo ni juu ya mwenye nyumba kulishughulikia kabla mpangaji hajaingiza vyombo.

Tatu, jengo moja likiwa na mita zaidi ya moja, mwenye nyumba apeleke taarifa ili kodi isikatwe mara mbili kwa jengo lile lile. Wapangaji wawili wakilipa kodi moja ya mtu wa tatu, dhuluma imezidi.

Nne, mkataba uandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, imekuja kutuamrisha kuandika madeni, madogo na makubwa. Iandikwe namba ya mita, siku ya kukabidhiana, na nani anabeba kodi ya jengo. Sisi na fundi tumeandikiana kwamba kila anachokatwa kwa ajili ya jengo hukipunguza katika pango. Na kama mwenye nyumba na mpangaji wamekubaliana tangu mwanzo, kwa uwazi na ridhaa, kwamba mpangaji atabeba, hilo ni jambo la mapatano yao. Linalokatazwa ni kumbebesha asiyejua.

Tano, na hili ni kwa wapangaji: usinunue umeme mwingi siku ya kwanza. Nunua kidogo, usome ujumbe mpaka mwisho, wala usiufute. Ukiona limekatwa deni usilolijua, uliza kwa adabu, na ukijibiwa vibaya uliza tena. Kudai haki si utovu wa heshima.

Mwisho, tukumbuke kisa alichokipokea Bukhari kutoka kwa Salama bin Al-Akwaa, cha maiti aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) ili amsalie. Alipoambiwa kwamba ana deni la dinari tatu na hakuacha kitu cha kulilipa, hakutangulia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba deni lile. Dinari tatu zilizuia sala ya Mtume (s.a.w.). Nani miongoni mwetu atasema kwamba shilingi 31,500 ni ndogo, au hata 1,500 ya mwezi mmoja?

Ndugu msomaji, kama unao ufunguo wa nyumba isiyokaliwa na mtu, leo baada ya swala ya Ijumaa pita ukaitazame mita yake. Na kama yupo mpangaji aliyewahi kukuuliza juu ya umeme ukamjibu kwa haraka, mwombe akuoneshe ujumbe wake.

Tunamwomba Allah (s.w.) awarehemu wazee wetu waliotangulia, azitakase mali zetu na haki za watu, na atujaalie kukutana Naye hali ya kuwa hakuna mja anayetudai.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.